Kondoo wa Mzee Lazaro

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, na ninawashukuru, ingawa sijui mlidhani mtu aliyestaafu anawahi wapi. Nimeitundika jikoni kwangu hapa Akheri, juu ya mtungi wa gesi, na inakwenda vizuri. Siku hiyohiyo mkurugenzi wetu, Emmanuel, alinivuta pembeni, sahani ya pilau mkononi, akasema, "Mama Anande, tuandikie kitu kwa ajili ya hawa wapya. Namna ya kuwapata watu wa kuhudumia wazee, na namna ya kuwafanya wasiondoke." Nikamjibu kwamba la kwanza nalijua kidogo. La pili aulizwe Mungu, maana hata yeye watu wanamwondokea kila siku.

Lakini nimeandika. Kahawa imeshavunwa na mvua bado.

Vyeo vyangu navipita. Vilikuwa vichache na vyote vilikuja na funguo za stoo. Mshahara nao naupita, kwa sababu ni huohuo mnaoulalamikia ninyi.

Nilianza kazi katika nyumba ya wazee ya kanisa, karibu na Makumira, nikiwa binti aliyetoka chuoni na cheti cha uuguzi msaidizi na imani kubwa kwamba anajua kutandika kitanda. Msimamizi alikuwa muuguzi mkongwe, Mchaga wa Kibosho, tuliyemwita Sista Ansila. Siku ya kwanza hakunipa mgonjwa. Alinilaza mimi kitandani, mbele ya wenzangu, akaniambia nisiinue mkono. Akanigeuza ukutani, akanigeuza tena, akaniosha uso, akaanza kunilisha uji. Kijiko cha pili kilifika kabla sijameza cha kwanza. Nikapaliwa, uji ukatokea puani.

"Umeona?" akasema. "Basi usimfanyie mtu hivyo."

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu yote ya kulisha. Semina nilizohudhuria baadaye zilikuwa ndefu zaidi na zilikuwa na soda, lakini hakuna iliyoongeza kitu.

Sista Ansila ndiye aliyenifundisha kupima maji kwa kiwiko, si kwa kiganja, maana kiganja cha mtu anayepika kila siku kimeshasahau moto. Alinifundisha kulaza kitenge kuukuu kilichokunjwa chini ya kiuno cha mgonjwa, ili watu wawili wamgeuze bila kumburuta. Na mabeseni mawili, la bluu la uso, jekundu la kwingine. Ukiyachanganya, alikuwa anakutazama tu. Nimewahi kufokewa na madaktari bingwa na sikutetemeka kama nilivyotetemeka kwa kutazamwa na Sista Ansila.

Baadaye nikaja mjini, kwenye ofisi yetu ya Themi, ilipoanza huduma ya kuwafuata wazee majumbani. Sababu yake mnaijua. Kwetu huku, kumpeleka baba kwenye nyumba ya wazee ni kuutangazia ukoo kwamba umeshindwa. Lakini watoto wako Dar, wako Mwanza, wengine wako Ulaya na wanapiga simu za video siku ya Jumapili. Mzee amebaki na kuku. Anatakiwa mtu wa kwenda kumwogesha, kumgeuza na kumpa dawa, na kazi yangu ikawa kumtafuta mtu huyo.

Usaili wangu ulikuwa mfupi. Nilimkabidhi mwombaji beseni, birika la maji ya moto na ndoo ya maji baridi, nikavua viatu, nikamwambia anioshe miguu. Maswali hayana maana, kila mtu anapenda wazee akiulizwa mezani. Wapo walioniosha kwa ncha za vidole, kama wanashika konokono. Mmoja alidhani ni Alhamisi Kuu akaanza kuimba pambio. Nilimwajiri, kwa sababu alikuwa na sauti nzuri na hakunichoma.

Kuwapata, basi, niliwapata. Kuondoka ndiko kulikonizeesha. Arusha hii ina misimu yake. Watalii wakija, hoteli zinaajiri, na binti niliyemfundisha kutabasamu na kutandika kitanda bila mkunjo anaonekana lulu huko. Wengine walikwenda Uarabuni. Wengine waliolewa. Na hakuna aliyeaga. Wote walifiwa na bibi. Binti mmoja, Rehema, alifiwa na bibi yuleyule mara nyingi kiasi kwamba nilianza kumwombea marehemu apumzike.

Mwaka mmoja tuliitwa kwenye warsha ya namna ya kuwabakiza wafanyakazi, kwenye hoteli nzuri tu ya mjini. Tukakaa, tukaandika kwenye makaratasi ya rangi, ikafika saa ya chai. Aliyetuletea chai alikuwa Rehema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pole na msiba."

"Asante mama. Sukari?"

Alituhudumia vizuri sana. Mikono haikutetemeka, kikombe alikiweka upande wa mkono wangu wenye nguvu bila kuambiwa. Tulimfundisha sisi.

Sasa nifike kwa Mzee Lazaro, kwa sababu ndiye aliyenifundisha hicho kidogo ninachokijua.

Mzee Lazaro alikuwa Mwarusha wa Sambasha, mzee wa kanisa, mwenye ng'ombe, kondoo na maneno machache. Kiharusi kilimpoozesha upande wa kushoto. Mke alikuwa ameshatangulia. Pale bomani alibaki na mkwewe, Mama Neema, mke wa mtoto wake wa mwisho, mwanamke mchapakazi aliyempikia na kumsogezea kila kitu. Ila kumwogesha hakuweza, na hakuna aliyetegemea aweze. Mkwe haoni mwili wa baba mkwe. Watoto wa kiume nao hawaoni mwili wa baba yao. Basi mzee alikuwa anafutwa uso na mikono, na mgongo ulikuwa umeanza kuchubuka.

Mtoto wake mkubwa, Elias, alikuja ofisini kutoka Dar. Si mtu mbaya, naomba hilo lieleweke. Alikaa mbele yangu akiwa amevimba macho.

"Mama, mgongo wa baba unanuka," akasema. "Mkimpata mtu wa kumwogesha na baba akamkubali, abaki kwake. Mkishindwa, namchukua Dar. Nimeshatenga chumba."

"Ghorofa ya ngapi?"

"Ya nne. Lakini kuna feni."

Nilipopanda Sambasha kumwona mzee, alinijibu kabla sijamuuliza. "Mimi nimezaliwa hapa kwenye baridi," alisema, mdomo umepinda kidogo lakini sauti iko sawa. "Ninataka kufa nikisikia ng'ombe. Huko kwa Elias nitasikia nini? Friji?"

Basi likawa jambo letu. Nikamtuma Naishiye, binti hodari wa Ngaramtoni. Mzee akamuuliza baba yake ni nani, akatajiwa. Akauliza ni wa rika gani, akatajiwa. Mzee akavuta blanketi mpaka kidevuni. Baba yake Naishiye alikuwa wa rika lake, wametahiriwa msimu mmoja, na kwa Waarusha binti wa mwenzako wa rika ni binti yako wa kumzaa.

"Huyu ni mwanangu," akasema. "Hawezi kuniona. Apewe chai."

Nikatuma binti wa Kichaga, asiye na rika wala ukoo naye. Mzee akamtazama kwa upole. "Huyu angeweza kuolewa hapa kwangu. Apewe chai." Kwa muda fulani, jamani, shirika letu lilikuwa linasafirisha wasichana kwenda Sambasha kunywa chai. Tangu hapo usaili wangu ukaongezewa swali moja: baba yako ni wa rika gani? Emmanuel aliliona kwenye fomu akadhani nimeanza kuzeeka.

Nilihitaji mwanaume, tena asiye Mwarusha. Na wanaume kazi hii walikuwa wanaikimbia kama deni. Lakini ilikuwa masika, na masika mjini kuna wanaume wazima wenye migongo imara waliokaa bure: wapagazi. Mvua zikianza wageni wa mlimani wanapungua, na watu waliobeba mizigo kichwani mpaka kwenye barafu wanacheza bao vibarazani Sakina. Nilikwenda huko na beseni langu. Walicheka mpaka wakakohoa.

Aliyekuja kesho yake aliitwa Godlisten. Mchaga wa Machame, mtu mwenye mke na watoto, mrefu, mpole, kidole kimoja cha mguu kiliachwa mlimani kwa baridi. Nikavua viatu. Akachanganya maji, akapiga goti, halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya kwenye usaili wangu. Aliniuliza.

"Mama, wewe unapenda ya moto kiasi gani?"

Nikamwambia aongeze kidogo. Akaongeza. Akaosha kimya mpaka mwisho, akakausha katikati ya vidole. Nikamuuliza kama ameshawahi kuhudumia mgonjwa. Akasema ameshawashusha wengi kutoka mlimani kwa machela, usiku na mvua, na cha muhimu ni kumwambia mtu kabla hujamwinua.

"Mpaka lini uko nasi?" nikamuuliza.

"Mama sitakudanganya. Juni msimu unafunguka. Bosi akipiga simu napanda."

Angalau hakuwa na bibi.

Nilimfundisha yote ya Sista Ansila, na juu yake nikampa kanuni zetu, pamoja na ile niliyoitunga mwenyewe: mhudumu haondoki na kitu nyumbani kwa mzee. Kanuni hiyo ni nzuri na msije mkaifuta. Tulishakuwa na mhudumu aliyepewa shamba na bibi wa watu, na watoto wakamwita mchawi mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Nikamsisitizia Godlisten: chai, sawa. Loshoro, yale mahindi yao ya maziwa ya mgando, kula. Kingine chochote, hapana.

Mzee Lazaro alimuuliza kabila, akamuuliza dini. Halafu akasema, "Nigeuze." Mama Neema aliniambia baadaye kwamba alisikia maji yakimwagika chumbani, akakaa chini uani akalia, maana ulikuwa umepita muda mrefu. Vidonda vya mgongo vilianza kufunga. Godlisten alimwogesha, alimnyoa ndevu, alimtoa nje kumweka juani karibu na zizi. Waliongea mambo ya mizigo na mifugo. Elias alipiga simu akauliza kama chumba akipangishe. Nikamwambia asubiri kidogo, naijua Juni.

Kabla ya Juni kukaja kondoo.

Godlisten aliamka Sakina akakuta kondoo jike amefungwa kwenye geti la mwenye nyumba wake. Wajukuu wa mzee walikuwa wamemteremsha alfajiri. Ujumbe ulikuwa mfupi: kutoka kwa Mzee Lazaro. Sasa fikirieni mtu mwaminifu. Nimemwambia asipokee kitu, naye ameamka ana kondoo. Akamtia kwenye kiroba, kichwa nje, akampakia kwenye bodaboda, akapanda naye mpaka Sambasha. Akamrudisha mikononi mwa mzee kwa heshima zote, akaeleza kanuni ya ofisi kwa ufasaha. Mzee akasikiliza mpaka mwisho.

"Sawa," akasema.

Kesho yake Godlisten alipofika, mzee alikuwa ameelekea ukutani. "Sijachafuka," akasema. Siku iliyofuata hivyohivyo. Akaacha na kula. Mama Neema akampigia Elias, Elias akanipigia mimi, akasema ameshaongea na mtu wa gari, Jumamosi anakuja kumchukua.

Nilipanda Sambasha kwenye tope lile nikiwa na hasira na kila mtu, pamoja na kondoo. Mama Neema ndiye aliyenifungua macho, tukiwa tumesimama jikoni kwake.

"Mama, kwetu mtu akikupa kondoo, majina yenu mnayaacha," akasema. "Wewe unamwita yeye Paker, naye anakuita wewe Paker. Mpaka kufa. Baba hakumlipa yule kaka. Alikuwa anamfanya mtu wake, ili asione aibu tena kuogeshwa na mgeni."

"Na ukimrudisha?"

Mama Neema akageukia sufuria. "Sijawahi kuona mtu akimrudisha."

Nikaingia kwa mzee. "Shikamoo baba."

"Marahaba."

Nikamwambia nimekuja kwa habari ya kondoo. Akasema bila kugeuka, "Nilimpa jina. Amelirudisha kwa bodaboda."

Sikucheka. Leo naweza kucheka. Nikamuuliza kondoo yuko wapi. Akasema zizini. Nikamuuliza ni wa nani.

"Si wangu, mimi nilishatoa. Si wake, amekataa. Anakula majani yangu tu."

Nikafikiri. Nikamwambia, "Baba, Godlisten amepanga chumba kimoja Sakina na mke na watoto. Kondoo hana pa kumweka. Akiomba umtunzie hapahapa zizini, utakataa?"

Mzee akageuza shingo kwa mara ya kwanza. "Mtu akiomba kutunziwa," akasema, "si amepokea?"

"Amepokea."

"Basi aje aombe mwenyewe."

Nilimpigia Emmanuel hapohapo uani, kwa sababu kanuni ni kanuni. Nikamweleza kwamba mhudumu haondoki na kitu, na huyu kondoo haondoki. Emmanuel ni kijana makini, alifikiri mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Na akizaa, mama?"

"Watazaliwa hukohuko."

"Haya. Lakini usiniandikie barua kuhusu hili."

Godlisten alikuja Ijumaa. Hakuingia. Alisimama nje ya dirisha la mzee, mvua inamnyeshea, mtu mzima na urefu wake wote, hajui aweke wapi mikono. Halafu akaita, "Paker!"

Mama Neema alinishika mkono. Godlisten akaita tena, safari hii kwa sauti ya chini. "Paker. Naomba unitunzie kondoo wangu. Kwangu hakuna zizi."

Ng'ombe walikuwa wanacheua. Kutoka ndani mzee akakohoa, akasafisha koo.

"Paker," akajibu. "Ingia. Nimechafuka."

Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Elias alifika Jumamosi na gari, akamkuta baba yake juani amenyolewa, anakula loshoro. Akakaa naye mchana kutwa, akarudi Dar peke yake. Lakini kabla hajaondoka aliniuliza, "Na huyu akienda mlimani, mama?"

Juni ikaja kama inavyokuja. Nilikuwa Sambasha siku hiyo kukagua, nimekaa kwenye kigoda chini ya dirisha, ndani nasikia maji. Simu ya Godlisten ikaita. Mlio ule wa bosi kila mpagazi anaujua. Akaipokea, nadhani kwa kuibana begani.

"Shikamoo bosi... Ndiyo, nipo Arusha... Hapana, siwezi kuongea sasa, bosi. Paker hajaoga." Akarudia, kama kwa mtu asiyesikia vizuri. "Paker. Ni mtu wangu. Hajaoga."

Ikakatwa. Nilibaki pale kwenye kigoda nikijiambia, haya, tena. Nikaanza kuwapitia kichwani wapagazi wengine wa Sakina, na baba zao wa rika gani. Godlisten akatoka na beseni jekundu, akamwaga maji kwenye shina la mgomba.

"Walitaka nini?" nikauliza, kana kwamba sikusikia.

"Kuna wageni wanapanda keshokutwa."

"Ukasemaje?"

"Si umesikia mama. Hajaoga."

"Na akishaoga?"

Akanitazama kwa huruma. "Kesho ataoga tena."

Akarudi ndani na beseni. Hiyo ndiyo warsha ya kubakiza wafanyakazi niliyoielewa, na haikuwa na makaratasi ya rangi. Emmanuel alipoomba taarifa ya mwaka, kwenye sehemu ya mbinu zilizofanya kazi niliandika: kondoo. Aliifuta akaandika kujenga mahusiano. Sawa, ndiyo maana yeye ni mkurugenzi. Ila msidhani nawaambia mgawe kondoo. Mchaga mwingine angemchukua akamchinja Krismasi. Ninachowaambia ni kwamba mtu huacha kazi ya mgeni bila kuhisi kitu, lakini mtu wake hamwachi hivihivi. Mkimpeleka mhudumu kwa mzee, waacheni wajuane, na msiwe na haraka ya kumhamisha.

Mzee Lazaro aliishi mwaka ule na sehemu ya mwaka uliofuata. Kondoo alizaa, na waliozaliwa walibaki hukohuko kama nilivyoahidi. Mgongo haukuchubuka tena. Nilimkagua mwenyewe, kwa ruhusa ya Paker, na macho yangu yakiwa mgongoni tu.

Alifariki asubuhi ya baridi. Simu ya Godlisten ilinikuta ofisini, tukapanda na Emmanuel. Tulimkuta mzee amelazwa vizuri, amenyolewa, amepakwa mafuta, shuka limevutwa mpaka kifuani bila mkunjo. Dirisha lilikuwa wazi upande wa zizi. Mama Neema alikuwa analia. Akaniambia ilitokea wakati anaogeshwa, lakini watu hawakuitwa mpaka baadaye kidogo. Elias alikuwa kwenye simu kutoka Dar, analia naye, anataka kujua kwa nini hawakuambiwa palepale.

Nikatoka kumtafuta Godlisten. Alikuwa amesimama zizini, mikono imelowa mpaka viwikoni, kondoo wake wamemzunguka.

"Pole, baba," nikamwambia. "Lakini kwa nini hukuita watu mara moja?"

Alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyeisahau kazi.

"Mama," akasema, "nilikuwa sijamaliza mgongo."